Magego Manne Yang'olewe ili Mengine Yapangike?

Mwaka 1940, kwenye mkutano wa madaktari wa kupanga meno uliofanyika Chicago, Charles Tweed alitandaza mbele ya wenzake kumbukumbu za wagonjwa 100: picha za nyuso, eksirei na sanamu za plasta za meno yao. Wote alikuwa amewatibu mara mbili. Mara ya kwanza aliyapanga meno bila kung'oa hata moja, kama alivyofunzwa. Meno yalikaa kwenye mstari, lakini midomo ilisukumwa mbele, na baada ya muda meno yakaanza kupandana tena. Mara ya pili aliwang'oa magego madogo manne, mawili juu na mawili chini, akawafunga waya upya, wala hakuwatoza senti kwa kazi hiyo ya pili. Kisha akawaachia wenzake walinganishe wenyewe.

Wengi walikasirika. Tweed alikuwa mwanafunzi wa Edward Angle, na kwa wafuasi wa Angle kung'oa jino zima ili kupanga mengine kulikuwa karibu na kufuru. Angle, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1855, ndiye aliyeifanya kazi ya kupanga meno kuwa fani inayojitegemea. Mwaka 1899 aliyagawa meno yasiyokutana vizuri katika makundi matatu, na mpaka leo daktari wa Nairobi au Dar es Salaam huandika makundi hayo hayo kwenye faili la mgonjwa. Aliamini kwamba binadamu kaumbiwa meno 32 na kila moja lina mahali pake. Daktari akiyapanga sawasawa, mfupa utakua kuyafuata na uso utapata uwiano. Kwa muda kipimo chake cha uso mzuri kilikuwa sanamu ya Apollo wa Belvedere iliyoko Vatican, hadi rafiki yake Edmund Wuerpel, mwalimu wa sanaa wa St. Louis, alipomwambia kwamba uso mmoja wa marumaru hauwezi kuwa kanuni ya nyuso za watu wa kila namna. Hoja ya Apollo Angle aliiacha. Ile ya meno 32 alikufa nayo mwaka 1930.

Si kwamba hakupingwa akiwa hai. Calvin Case, daktari wa Chicago, alishikilia kwamba wapo watu ambao meno yao hayawezi kuenea bila kuharibu uso, na mwaka 1911 ubishi huo ulifika jukwaani mbele ya chama cha madaktari wa meno cha Marekani. Case alionekana ameshindwa. Ilibidi ipite miaka karibu thelathini ndipo mtu wa ndani, tena aliyemheshimu Angle kupita kiasi, aje na sanamu zake za plasta.

Swali lenyewe lingali hai. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe wa miaka 13 atang'olewa meno manne mazima, yasiyo na tundu wala maumivu, hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Akifungua simu anakutana na video zinazodai kwamba taya litasinyaa, uso utabonyea na pumzi itabana. Akienda kwa daktari wa pili huenda akaambiwa kwamba bila kung'oa, kazi yote ni bure. Ili kujua nani yuko karibu na ukweli, ni lazima kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: taya, na upinde wa meno.

Taya ni mfupa wa msingi. Ndio unaobeba kidevu chini na kushikana na mashavu na pua juu, na ukubwa wake hutokana zaidi na urithi na ukuaji. Juu ya mfupa huo kuna ukingo unaoshika mizizi ya meno. Ukingo huu huja na meno na huondoka nayo, ndiyo maana mzee kibogoyo anaonekana uso umefupika na mdomo umezama ndani. Upinde wa meno, ule mstari wenye umbo la U unaouona ukifungua kinywa mbele ya kioo, umekaa kwenye ukingo. Matibabu ya kung'oa na kuvuta hubadili upinde, na hubadili ukingo unaoufuata. Kidevu hakisogei, na mfupa wa msingi wa mtoto huendelea kukua kama ulivyokuwa ukikua.

Lakini jino linasogeaje ndani ya mfupa? Mwaka 1904 Carl Sandstedt, daktari wa Sweden, alichapisha majaribio aliyofanya kwa mbwa: aliwafunga waya, akayavuta meno, kisha akachunguza mfupa kwa hadubini. Upande ambao jino lilikuwa linasukumwa, seli zilikuwa zinamung'unya mfupa. Upande lilikotoka, mfupa mpya ulikuwa unajengwa. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wenye unene wa takriban robo ya milimita, nao ndio unaopokea msukumo wa waya na kuugeuza kuwa amri kwa seli hizo. Jino halipasui mfupa; mfupa wenyewe hulihamisha. Mwendo ni wa taratibu, kama milimita moja kwa mwezi mambo yakienda vizuri, na kuongeza nguvu hakuleti haraka. Waya ukivuta kupita kiasi, damu hukatika kwenye utando, seli hufa, na jino hukwama kwa wiki kadhaa.

Magego madogo ndiyo huchaguliwa mara nyingi kwa sababu ya mahali yalipo: nyuma tu ya chonge, katikati ya njia kati ya meno ya mbele yanayoonekana na magego makubwa yanayotafuna. Yako mawili kila upande, kwa hiyo likiondoka moja, pacha wake anabaki.

Chukua mfano wa hesabu ambayo daktari huifanya mezani, akiwa na kipimo cha chuma na sanamu ya plasta. Kijana ana meno ya chini yaliyopandana, na ukijumlisha upana wa kila jino unakuta upinde umepungukiwa milimita 8. Gego dogo moja lina upana wa karibu milimita 7. Yakitoka mawili, moja kila upande, panapatikana milimita 14. Nane zinatumika kunyoosha meno yaliyopandana. Zinabaki 6, tatu kila upande. Zitakwenda wapi? Hapo ndipo ustadi wa daktari unapoonekana, kwa sababu nafasi hiyo inaweza kufungwa kwa kurudisha meno ya mbele nyuma, au kwa kuleta magego mbele, au nusu kwa nusu, na kila uamuzi unatoa uso tofauti.

Waya hauna upande. Ukiunganisha meno ya mbele na magego, ni mchezo wa kuvuta kamba: kila kundi linalivuta lingine, na lenye mizizi mizito zaidi husogea kidogo. Daktari asiyetaka magego yasogee huyaongezea uzito kwa kuyafunga pamoja, au siku hizi kwa kuingiza skrubu ndogo za titani kwenye mfupa na kuvutia humo. Skrubu hizo, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1990, zimebadili sana kazi hii, maana sasa meno ya mbele yanaweza kurudi karibu nafasi yote bila magego kujongea.

Sasa umbo lenyewe. Jambo la kwanza lisilo na ubishi ni kwamba upinde unakuwa mfupi, ukipimwa kutoka meno ya mbele kwenda nyuma. Meno 14 yamekuwa 12. Hauwezi kubaki na urefu ule ule. Jambo la pili huwashangaza watu: sehemu ya chonge mara nyingi haipungui upana, na pengine inaongezeka kidogo. Sababu ni umbo la U. Chonge inaporudi nyuma kuingia mahali pa gego lililotoka, inaingia sehemu ambako upinde ni mpana zaidi. Magego makubwa hufanya kinyume chake: yakija mbele yanaingia sehemu nyembamba, na umbali kati ya gego la kulia na la kushoto hupungua, kwa kawaida milimita moja au mbili.

Ndiyo asili ya uvumi kwamba kung'oa huleta tabasamu jembamba lenye giza pembeni mwa mdomo. Anthony Gianelly wa Boston aliupima uvumi huo. Mwaka 2003 alichapisha vipimo vya wagonjwa 25 waliong'olewa na 25 wasiong'olewa, baada ya matibabu. Upana wa pinde zao haukutofautiana, isipokuwa kati ya chonge za chini, ambako waliong'olewa walizidi kwa takriban milimita 1. Haina maana kwamba tabasamu jembamba halipo. Lipo, lakini mara nyingi mgonjwa mwenyewe alizaliwa nalo, au daktari alitumia waya wenye umbo lisilomfaa mgonjwa wake.

Midomo ni habari nyingine. Meno ya mbele yakirudi, midomo hufuata, ila si milimita kwa milimita. Mdomo mnene hurudi kidogo, mwembamba hurudi zaidi, na mtu ambaye alikuwa akikaza misuli ya kidevu ili kufumba kinywa hupata nafuu ya wazi: midomo inakutana bila kulazimishwa. Kwa mtu mwenye midomo iliyojaa na meno yaliyochomoza sana, hilo ni jema. Kwa mwenye midomo myembamba na pua na kidevu vilivyotangulia mbele, hilo hilo ni hasara, na litaonekana zaidi kadiri anavyozeeka, kwa kuwa midomo ya kila mtu hupungua unene na miaka.

Na hasara hiyo ilitokea, tena kwa wingi. Baada ya Tweed, na baada ya Raymond Begg wa Adelaide, Australia, aliyetetea kung'oa kwa kuangalia meno ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo yaliyokuwa yakilika na kupungua upana kwa chakula kigumu, kung'oa kukawa kama mtindo. William Proffit wa Chuo Kikuu cha North Carolina alipitia mafaili ya miaka arobaini ya kliniki ya chuo chake. Mwaka 1953 waliong'olewa walikuwa asilimia 30. Mwaka 1968 walifika asilimia 76. Mwaka 1993 walikuwa wameshuka hadi 28. Mataya ya watu wa jimbo hilo hayakubadilika katika miaka hiyo; yaliyobadilika ni maoni ya madaktari. Takwimu hizo zinapaswa kumfanya kila daktari, wa huko na wa huku, awe mnyenyekevu anapotamka kwamba hakuna njia nyingine.

Sehemu ya kushuka huko ilitokana na hofu ya mahakama. Mwaka 1987 baraza la wazee wa mahakama huko Michigan liliamuru mgonjwa alipwe dola 850,000, baada ya kudai kwamba kung'olewa magego na kuvutwa meno kulimletea maumivu ya kiungio cha taya. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kikagharimia utafiti, na katika miaka iliyofuata matokeo yalielekea upande mmoja: waliong'olewa hawakuwa na matatizo zaidi ya kiungio kuliko wengine.

Dai la pumzi nalo limepimwa. Mawazo ya daktari Mwingereza John Mew, ambaye jina lake limezaa ule mtindo wa mitandaoni wa kubana ulimi kwenye kaakaa, yanasisitiza kwamba kurudisha meno nyuma kunaufinya uso na njia ya hewa. Watafiti wa Marekani walichambua mwaka 2015 rekodi za afya za watu 5,584, nusu yao wakiwa hawana magego madogo manne na nusu wakiwa nayo, wakitafuta waliogunduliwa kuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Walikuta karibu asilimia 10 kila upande, bila tofauti ya maana. Mtu mmoja mmoja anaweza kutofautiana na kundi, na daktari mwangalifu atamuuliza mgonjwa kama anakoroma. Lakini kusema kwamba kung'oa magego kunaziba pumzi ni kusema kisichothibitishwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna hoja nzito kuliko hizo zote. Vipimo vingi vinavyotumika kuamua kama meno yamechomoza mno vilitoka kwa Wamarekani weupe. Kipimo maarufu cha William Downs cha mwaka 1948 kilijengwa juu ya vijana 20 tu, wote weupe wenye meno mazuri. Tweed naye alitaka meno ya chini ya mbele yasimame kwa takriban nyuzi 90 juu ya ukingo wa taya. Mwaka 1989 Sunil Kapila alichapisha vipimo vya eksirei vya watoto wa Kikuyu, na ikaonekana kwamba meno yao ya mbele, ya juu na ya chini, kwa kawaida yameinama mbele kuliko ya watoto weupe. Huo si ugonjwa. Daktari akimpima mtoto wa Nyeri kwa rula ya Downs, karibu kila mtoto ataonekana anahitaji kung'olewa, na atakayetoka humo atakuwa na mdomo wa kuazima.

Mwanya unafaa kutajwa hapa pia. Pwani na bara, nafasi kati ya meno mawili ya mbele ya juu huhesabiwa pambo, lakini vitabu vingi vya fani vimeiweka kwenye orodha ya kasoro. Mgonjwa anayetaka kubaki na mwanya wake aseme mapema, kwa sababu waya hufunga kila nafasi usipoambiwa.

Uhitaji wa matibabu upo, hakuna ubishi. Utafiti wa Matilda Mtaya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke, na ukakuta asilimia 63.8 wana aina fulani ya kasoro ya mpangilio. Nairobi, Peter Ng'ang'a na wenzake walikuwa wamekuta asilimia 72 kati ya vijana 919. Nyingi katika hizo ni kasoro ndogo zisizodai waya, sembuse kung'oa. Ila wapo pia watoto wanaoharibikiwa upinde kabla ya kumwona daktari wa kupanga meno, na chanzo kimoja ni kung'olewa kusiko na mpango.

Gego la utoto lililotoboka likitolewa mapema bila kuwekewa kishika nafasi, gego kubwa la kwanza, linaloota karibu na miaka 6, hujongea mbele na kulala kwenye pengo. Upinde unafupika upande mmoja, na jino la kudumu lililokuwa linasubiri chini linakosa mlango. Litaota pembeni au litabaki ndani ya mfupa. Kuna pia ile desturi ya kuwatoa watoto wachanga wenye homa na kuhara yale yanayoitwa meno ya nailoni, ambayo nchini Uganda huitwa ebinyo. Kinachochimbwa na waganga ni vichipukizi vya chonge za utoto, na wakati mwingine chonge ya kudumu iliyo jirani huumizwa, isiote kabisa au iote imepotoka. Chonge ikikosekana upande mmoja, mstari wa katikati wa meno husogea kuelekea pengo na tabasamu zima linakwenda mrama. Kung'olewa meno ya chini ya mbele kulikofanywa na Wamasai na Wajaluo kwa mila kulikuwa na lengo jingine: pengo lenyewe ndilo lililotakiwa. Daktari wa waya analitaka pengo kwa miezi michache tu.

Lisipofungwa sawasawa, hata pengo la hospitali huleta shida. Ukingo wa mfupa mahali palipotoka jino huanza kunywea ndani ya miezi ya mwanzo, hasa upande wa shavu, na baadaye jino linapata taabu kupita humo. Mizizi ya pande mbili ikiachwa imelala badala ya kusimama sambamba, pengo hufunguka tena waya zikitolewa. Na meno ya mbele yakivutwa kwa pupa mpaka mizizi yao igonge ukuta mgumu wa mfupa upande wa kaakaa, mizizi hufupika au mfupa hutoboka.

Halafu kuna kurudi. Robert Little wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliwafuatilia wagonjwa 65 waliong'olewa magego madogo ya kwanza na kupangwa vizuri. Miaka kumi baada ya kuacha ritena, yaani vifaa vya kushikilia meno, chini ya asilimia 30 ndio waliokuwa na meno ya chini ya mbele yanayoridhisha. Upinde uliendelea kufupika na kupungua upana kwa karibu wote, waliokuwa wamepanuliwa na wasiopanuliwa. Pinde za watu ambao hawakuwahi kuvaa waya nazo hupungua na umri, hivyo kung'oa hakumpi mtu kinga. Tweed alidhani amepata dawa ya meno kurudi. Seattle ilionyesha hakuipata. Ritena huvaliwa usiku kwa miaka, na madaktari wengi sasa husema wazi kwamba ni kwa muda wote mtu anaotaka meno yake yabaki yalivyo.

Kabla ya kukubali sindano ya ganzi, mwombe daktari akuonyeshe, kwenye sanamu ya plasta au kompyuta, milimita zilizopungua ni ngapi na meno ya mbele yatakaa wapi mwishoni. Muulize ametumia vipimo vya watu gani kuamua kwamba midomo yako imechomoza, na kama kusugua kidogo pande za meno au kupanua upinde kungetosha. Asipoweza kukuonyesha, nenda kwa daktari wa pili. Meno yaliyopangwa vibaya yanaweza kusubiri miezi mitatu bila madhara. Gego lililong'olewa halirudishwi.